Mtoto mwenye akili asome kilimo?



Mwezi huu tuzungumze juu ya ulizo linaloingia nyumbani mwetu kila mwaka, mtoto akimaliza darasa la 8. Sasa achague seksioni. Baba anasema Bio-Chimie, ili mtoto awe munganga. Mama anasema Commerciale, ili akae ofisini. Mjomba anasema Électricité, maana kampani za mine zinatafuta watu wa umeme. Na Agricole? Hapo watu wanacheka. Agricole inatajwa nyuma ya zote, tena kwa mtoto aliyeshindwa tu. Nimesikia mara nyingi: "Huyu hana kichwa, tumutie tu mu agricole." Na mtoto akiwa mwenye akili, mzazi ananijibu hivi: "Pasta, mutoto yangu aende kusoma jembe? Jembe hata nkambo yake alilijua, na hakuingia masomo!"

Neno hilo la nkambo ni neno la nguvu. Halifai kujibiwa kwa mahubiri mafupi. Tuliangalie polepole.

1. JINA LA JEMBE LILIHARIBIKA NAMNA GANI

Wazee wetu hawakuchukia udongo. Walichukia kulazimishwa. Tangu mwaka 1917 Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na sheria ya kuwalazimisha watu wa vijiji kulima mimea iliyotakiwa na wakubwa. Dekreti ya mwaka 1933 iliweka siku 60 kwa mwaka za kazi hiyo, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikafikishwa 120. Agronome alikuja kupima shamba, na yule ambaye shamba lake halikutosha alipigwa faini au kutiwa gerezani. Basi neno "agronome" likaingia masikioni mwa watu likiwa pamoja na neno "polisi".

Upande mwingine kulikuwa na mji. Likasi, iliyoitwa Jadotville tangu 1931 mpaka 1966, ilikuwa mahali pa mshahara. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, munganga, masomo ya watoto, na pia bunga ya jamaa yake. Mtu alitoka kijijini, akaacha jembe, akapata kazi, akapewa bunga. Kwa hiyo watoto wake walijifunza kwamba mtu aliyefaulu ni yule asiyelima.

Na sisi wenyewe tukaongeza. Mwanafunzi akichelewa, adhabu yake ni kung'oa majani. Akipiga kelele, alime nyuma ya darasa. Mtoto anafundishwa miaka 6 kwamba jembe ni fimbo. Kisha tunashangaa akikataa kulisoma.

2. MFUKO WA BUNGA

Ninyi mnaoishi katika miji ya mine mnajua yaliyofuata. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mine ya Kamoto ikabomoka. Mwaka 1994 shaba yote ya mwaka haikufika hata tani 40,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa "départ volontaire".

Baba hao walikwenda wapi? Wengi walikwenda mashambani. Mtu aliyefanya kazi miaka 25 katika fabriki, mwenye kujua mashine kama mkono wake, alishika jembe akiwa na miaka 50 bila mtu wa kumfundisha. Wengine walitia mbegu kwa kuchelewa. Wengine walinunua mbegu sokoni, kumbe zilikuwa mahindi ya kula tu. Wengine walifuga kuku 100, wakabaki na 3. Walilipa ada ya masomo ya kilimo kwa njaa ya nyumba yao. Ada hiyo ni kali kuliko minervali.

Na leo? Mine zimefufuka, lakini kamba ya uzima wetu inashikwa na watu wa mbali. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 Serikali ilisimamisha kwanza utumaji wa kobalti katika nchi za nje, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana, kisha mwezi wa kumi ikaweka kiwango kwa kila kampani. Na bunga ya bukari yetu, sehemu kubwa inapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 jua lilikausha mashamba ya Zambia, mavuno yao ya mahindi yakashuka kufika karibu nusu ya yale ya mwaka uliotangulia, na rais wao akatangaza msiba wa taifa. Nchi ikikosa chakula inafunga ghala yake kwanza kwa ajili ya watoto wake. Hatuwezi kuilaumu. Lakini sisi wenye mvua tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, wenye mito na udongo, tunangoja lori.

3. NKAMBO ALIJUA, LAKINI ALIKUWA NA PORI

Sasa tujibu neno la nkambo. Ni kweli, alijua. Alikata miti, akachoma, akapanda katika majivu, na baada ya mavuno machache akaacha shamba lile lipumzike miaka mingi mpaka miti irudi. Hiyo ilikuwa hekima, wala si ujinga. Majivu yalipunguza ukali wa udongo, na pumziko liliurudishia nguvu.

Lakini hekima hiyo inahitaji pori kubwa na watu wachache. Leo, ukitoka Likasi kwa barabara yoyote, unaona nini? Miti imekuwa makala. Ardhi nyingi imeandikwa kwa jina la kampani za mine. Watu wameongezeka. Shamba ambalo nkambo angeliacha likae miaka 20, mjukuu anarudi kulilima mwaka kwa mwaka, na kila mwaka mahindi yanakuwa mafupi zaidi. Mjukuu akifanya kama nkambo mahali ambapo pori la nkambo halipo, atakufa njaa. Ndiyo maana anahitaji masomo.

Anajifunza nini huko? Nitataja mambo machache tu.

Anajifunza kuhesabu. Mistari ya mahindi ikiachana kwa sentimita 75, na mashimo kwa sentimita 50, ektari moja inapata mashimo 26,667 hivi. Ukitia mbegu 2 kwa kila shimo, unapata miche zaidi ya 53,000. Mwenye kujua hesabu hiyo anajua anunue mbegu kiasi gani, na anajua kama aliyemuuzia amemdanganya.

Anajifunza udongo. Udongo mwingi wa Katanga una ukali wa asidi, na chakula cha mmea kinakuwamo lakini kimefungwa. Chokaa inaupoza. Na sisi wa Likasi tuna mawe ya chokaa hapa Kakontwe, tunayajua tangu utoto kama mawe ya fabriki. Wangapi wetu tunajua kwamba yakisagwa yanaweza kuponya shamba?

Anajifunza magonjwa. Yule funza wa mahindi aliyetoka Amerika, ambaye alionekana Afrika mwaka 2016 na kuenea haraka katika nchi yetu, anajificha ndani ya moyo wa mmea. Anayemtafuta mapema, mmea ukiwa mdogo, anaweza kumshinda. Anayengoja mpaka majani yawe kama nyavu amechelewa. Vilevile ugonjwa wa Newcastle, ule unaomaliza kuku wote wa kijiji kwa juma moja, hauna dawa ya kuuponya, lakini chanjo yake ni tone dogo tu machoni mwa kuku. Watu wanaita ugonjwa huu uchawi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anauita kwa jina lake, na anajua siku ya kurudia chanjo.

Tena haya hayako mbali na Biblia. Somo Isaya sura ya 28, mistari ya mwisho. Nabii anamwonyesha mkulima ambaye hapandi mbegu zote kwa namna moja, wala hapigi nafaka zote kwa fimbo moja, na anasema maarifa hayo yanatoka kwa Mungu mwenyewe. Basi anayecheka maarifa ya shamba, ajue anacheka mwalimu gani.

4. MASOMO YENYEWE YAKO NAMNA GANI

Masomo ya kilimo ya Leta katika Kongo yanaitwa mara nyingi ITA au ITAV, ndiyo kusema Institut Technique Agricole et Vétérinaire. Mengi yako vijijini, kwa sababu yanahitaji ardhi. Mengine yanaongozwa na Leta moja kwa moja. Mengine yanaongozwa na makanisa kufuata ule mkataba wa mwaka 1977, wakati Serikali ilipoyarudishia makanisa masomo iliyoyanyang'anya mwaka 1974. Hayo pia ni masomo ya Leta: walimu, programu na mitihani ni ya taifa.

Mtoto anaingia baada ya darasa la 8, anasoma miaka 4. Anasoma Kifaransa, hesabu, kemia na biolojia kama wenzake, na tena udongo, mimea, mifugo, upimaji wa ardhi na hesabu za mali. Anapaswa kufanya staji. Mwishoni ni Examen d'État, pamoja na mtihani wa vitendo. Akifaulu anaitwa A2. Kwa diploma hiyo anaweza kuingia chuo kikuu, kwa mfano kule Lubumbashi ambako kuna kitivo cha kilimo. Basi wanaosema kwamba Agricole inafunga mlango wa unive, hawasemi kweli.

Lakini tusifiche shida. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Leta yanapaswa kuwa bure. Sekondari si hivyo. Mzazi anaendelea kulipa, na mzigo huo wa kumsaidia mwalimu ulianza miaka ya 1990, Leta iliposhindwa kumlipa vema. Na masomo ya kilimo yanadai zaidi ya chaki: yanadai jembe, mbegu, ng'ombe, chanjo, dawa. Fedha ikikosekana, kitu cha kwanza kinachokufa ni shamba. Mwalimu anachora ng'ombe ubaoni, mtoto anaandika sehemu za ng'ombe katika daftari, anapata diploma, na hajawahi kushika kamba ya ng'ombe. Mtoto wa namna hiyo si mkulima, wala si mtu wa ofisi. Tumemwibia miaka 4.

5. MAJIRANI ZETU WALIJARIBU

Shida hii si ya Kongo peke yake. Tuangalie mifano miwili ya nchi jirani, mmoja wa kuiga na mmoja wa kuonya.

Magharibi ya Kenya, katika nchi ya Wamaragoli ambako mashamba ni madogo sana na watu ni wengi, sekondari ya Chavakali ilifunguliwa mwaka 1959. Wakristo wa Kanisa la Marafiki, wanaoitwa pia Quakers, wana mizizi ya zamani katika nchi hiyo, na Earlham College, chuo chao huko Marekani, kilitia mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Chavakali ilianza kufundisha kilimo kama elimu kamili, pamoja na masomo mengine yote, darasani na shambani, na mtihani wake wa taifa. Hawakukifanya kilimo kiwe fungu la walioshindwa. Baadaye somo hilo likaenea katika sekondari nyingi za Kenya.

Tanzania ilikwenda kwa njia nyingine. Mwezi wa tatu wa mwaka 1967 Rais Nyerere alitoa maandiko ya Elimu ya Kujitegemea: kila shule iwe na shamba, na mwanafunzi ajifunze kwa kazi. Wazo lilikuwa jema. Lakini katika shule nyingi kazi ilibaki na kujifunza kukapotea. Watoto walilima bila kuelezwa kwa nini, bila kuandika hesabu, bila kujua mavuno yalikwenda wapi. Wakatoka wakichukia jembe kuliko wazazi wao.

Majembe yalikuwa yaleyale katika nchi zote mbili. Tofauti ilikuwa hii: je, mtoto anapolima anafundishwa, au anatumiwa tu?

6. KABLA YA KUTOA MINERVALI

Mzazi, usipeleke mtoto kwa kusikia jina la masomo. Panda baiskeli au lori, fika mwenyewe, na ufanye hivi.

Kwanza, omba kuona shamba kabla ya kuona ofisi ya prefe. Mwezi wa kwanza mahindi ya masomo yanapaswa kuwa mazuri kuliko yale ya wanakijiji jirani. Yakiwa mabaya kuliko yao, uliza sababu.

Pili, uliza mavuno yanakwenda wapi. Je, yanaandikwa? Wanafunzi wanaonyeshwa hesabu? Ukisikia kwamba watoto wanalima mashamba ya wakubwa, bila somo na bila daftari, rudi na mtoto wako nyumbani.

Tatu, uliza ni nani anayefundisha masomo ya kilimo. Awe amesoma kilimo kwa kweli, si mtu aliyejaza nafasi tupu.

Ine, tazama wanyama. Hata kuku 20 wanatosha kufundishia, kama wana chanjo na kitabu chao.

Tano, uliza staji inafanyika wapi, kwa siku ngapi.

Sita, ikiwa ni msichana, angalia mahali pa kulala na usalama wa njia. Na tafadhali usiseme kilimo ni cha wavulana. Katika vijiji vyetu nani analima zaidi, kama si mama? Kumnyima msichana maarifa ya kazi ambayo atabebeshwa hata hivyo, hiyo si kumhurumia.

Na kama masomo ya karibu ni maskini, tusiishie kulalamika. Kamati ya wazazi inaweza kusimamia mashamba na hesabu zake. Tena, Code Minier ya mwaka 2018 inadai kila kampani ya mine itie sahihi pamoja na wakaaji katika "cahier des charges", na itoe 0.3% ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo yao. Wakati wa kuandika maombi, mara nyingi tunaomba jengo, kwa sababu jengo linaonekana. Kwa nini tusiombe pia mashine ya kusaga, ng'ombe wa kukokota, na pampu ya maji kwa ajili ya masomo ya kilimo?

7. NAWE KIJANA

Kijana mmoja aliniambia: "Pasta, mie sitaki mavumbi." Nikamuuliza kama ku mine kule anakotaka kwenda hakuna mavumbi. Akacheka. Lakini tuliendelea kuzungumza, maana alikuwa na haki ya jibu la kweli.

Jibu la kweli ni hili. Diploma ya A2 haikuhakikishii mshahara. Leta haiajiri maagronome wengi. Na ardhi ni shida: kwa sheria ya nchi, tangu 1966 na 1973, ardhi ni mali ya Leta. Chifu wa kijiji anaweza kukuonyesha mahali pa kulima, na siku nyingine kampani ikaja na karatasi yake. Kwa hiyo usilime mahali ambapo hujauliza. Uliza kwa chifu, uliza kwa ofisi ya ardhi, na uweke maandiko. Sheria ya mine inadai mkulima anayeondolewa alipwe, lakini asiye na ushuhuda wa shamba lake ana shida kubwa kudai.

Lakini linganisha. Rafiki yako anayeshuka katika shimo la kuchimba kwa mkono anapata fedha juma hili, kweli. Shimo likibomoka, hakuna wa kumlipa mama yake. Bei ikianguka, anapewa nusu kwa mfuko uleule. Wewe, kwa chanjo ya kuku tu, unaweza kuanza mwezi wa kwanza baada ya masomo: kijiji cha nyumba 60, kila nyumba na kuku 5 au 6, ni kuku zaidi ya 300 wanaongoja mtu mmoja mwenye kujua. Kisha unaongeza miche ya matunda, mboga za lengalenga wakati wa jua kali, mbegu safi za maharagi. Miji ya mine inakula kila siku, mishahara ikija au isipokuja.

Na ninyi wazee wa kanisa, neno langu la mwisho ni kwenu. Parokia zetu nyingi zina viwanja vilivyojaa majani marefu. Kijana anamaliza ITAV, anarudi nyumbani na diploma, anakosa hata robo ya ektari, anaishia kuuza kredi ya simu. Tunaweza kumpa ektari moja kwa miaka 3, kwa maandiko mbele ya kamati, na sehemu ya mavuno irudi kwa wajane wa parokia. Neno hilo haliitaji mfadhili wa ng'ambo. Linahitaji mkutano mmoja na sahihi chache.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani alilima baada ya kupoteza kazi ya mine? Alikosa maarifa gani?
2. Tunamwadhibu mtoto kwa jembe? Adhabu gani nyingine inafaa?
3. Mtoto wetu akisema yeye mwenyewe, "Nataka Agricole", tutamjibu nini?
4. Kanisa letu lina ardhi gani isiyotumika, na ni kijana gani anayeweza kuilima?

Mungu abariki mbegu zenu, na mvua ije kwa wakati wake. Tuonane mwezi ujao.